Vidonge vya Siku Mbaya

Siku ya sita ya mionzi, Theodora alitapika mara saba. Mara ya saba hakikutoka kitu ila maji ya njano, machungu, na baada ya hapo hakuwa na nguvu ya kurudi kitandani. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, beseni mapajani.

Mumewe, Mughwai, alisimama mlangoni ameshika pakiti ya vidonge.

"Nikupe kimoja?"

"Nipe, baba Witness. Unaniuliza nini na wewe unaona?"

Akabonyeza kidonge kikatoka, akampa na maji. Theodora akameza. Hazikupita dakika tano akainamia tena beseni. Maji yakatoka, na kidonge nacho kikatoka, kizima, cheupe, hata maandishi yake hayajafutika.

Mughwai akakitazama kwa muda. Kisha akainama, akakiokota kwa vidole viwili, akakiosha kwa maji ya ndoo na kukianika dirishani juu ya kipande cha gazeti.

Dada yake, Rahel, ambaye nyumba ni yake, alikuwa anapita koridoni na karai la unga. Akasimama.

"Mughwai, unaanika nini hapo?"

"Kidonge."

"Kimetoka wapi?"

"Kimetoka kizima, dada. Hakijaliwa na kitu."

Rahel akamwangalia mdogo wake, akaangalia dirisha, akamwangalia wifi yake pale chini. Kisha akalipandisha karai lake kiunoni, akapita zake.

*

Kwao ni Ihanja, mkoani Singida. Mashine ya mionzi iko Dodoma. Kwenda na kurudi kila siku kutoka Ihanja na mgonjwa haiwezekani. Hosteli ya wagonjwa ilikuwa imejaa, na chumba cha kupanga mjini kwa wiki tano kingemeza ng'ombe wa tatu, wakati wawili walishauzwa kwa ajili ya upasuaji. Ikabaki Manyoni, njiani, kwa Rahel. Jumatatu hadi Ijumaa walipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, saa nne Theodora analala chini ya mashine, jioni wamerudi. Siku ishirini na tano.

Daktari alimweleza Mughwai kwa lugha ya mkulima. Uvimbe wa tumboni umekatwa, alisema, lakini mizizi huwa inabaki, na mionzi ndiyo palizi. "Ukiruka siku, magugu hayakusubiri, mzee wangu. Amalize zote ishirini na tano mfululizo." Mughwai akaelewa. Palizi anaijua.

Vidonge ndivyo hakuvielewa. Siku ya kwanza, zaidi ya saa moja kabla ya mionzi, Theodora akiwa ndani anapimwa, nesi mmoja kijana anayeitwa Jenipher alimwita Mughwai pembeni, akampa pakiti tatu zenye vidonge kumi kumi.

"Baba, hivi ni vya kuzuia kutapika. Kimoja kila siku, saa moja kabla ya mionzi. Hivi vitano vinavyozidi ni vya siku mbaya, akizidiwa."

Mughwai alilipa elfu arobaini na tano dirishani, na katika maneno yote ya nesi akashika mawili: siku mbaya.

Usimcheke haraka. Nyumbani kwake kihenge cha nafaka hufunguliwa na yeye peke yake, na hufunguliwa mvua ikishakataa kabisa, si kabla. Mtu anayekula akiba yake wakati wenzake bado wanachuma mlenda porini, kule kwao hana jina zuri. Baba yake alimfundisha hivyo kwa fimbo. Na alishaziona kwa macho yake nyumba zilizokula mapema, akaona zilivyokuwa mwezi wa pili ulipofika. Basi vidonge thelathini akavitia mfuko wa ndani wa koti, pamoja na kitambulisho, na Theodora alipoanza kulalamika kichefuchefu akamtuliza.

"Bado hujatapika. Tukivimaliza sasa, siku ya kutapika utameza nini?"

Theodora akaona ni sawa. Na yeye ni wa Ihanja.

*

Rahel alikuwa mjane, anauza maandazi karibu na stesheni ya treni. Aliyakaanga alfajiri, mle mle koridoni, kwa sababu upepo wa Manyoni hauachi jiko la nje liwake. Mafuta yakichemka, harufu ilipita chini ya mlango na kuingia chumba cha wageni. Theodora alijifunika kanga puani, akapumua kwa mdomo, akangoja. Hakusema. Utamwambiaje mwenye nyumba aache kazi inayomlisha, nawe unalala kwake bure?

Halafu kuku. Watu wa Ihanja walimpenda Theodora, na kila baada ya siku mbili basi lilishusha kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani: "Wa mgonjwa." Rahel alimchinja, akamwunga kwa mafuta ya alizeti ya kukamua, akamimina mchuzi uliotanda mafuta juu kama jua limemwagikia humo, kisha akavuta kigoda na kukaa mbele ya wifi yake.

"Kula, wifi. Mgonjwa asiyekula anausaidia ugonjwa."

"Nakula, wifi."

"Hilo ni paja. Watu wa kwenu hawakutuma kuku wa kutazamwa."

Akala. Akashukuru, akasifu chumvi. Akanawa, akaenda nyuma ya choo polepole, kama mtu anayekwenda kuangalia nguo kwenye kamba, akatapika paja, mchuzi na shukrani zake. Mbwa wa jirani alishaijua saa hiyo. Alikuwa anakuja mapema.

*

Jumatatu ya wiki ya tatu ilikuwa siku ya kumi na moja. Wakirudi, hata Bahi hawajafika, mfuko wa karatasi aliokuja nao Theodora wa kutapikia ukalowa, ukaachia chini. Kila kitu kikamwagika na kutiririka mpaka kwenye viatu vya mwanaume aliyekaa siti ya mbele.

"Konda! Konda, njoo uone mambo huku!"

Konda akaja akishika vyuma. "Mama, vipi tena? Gari imeoshwa asubuhi hii!"

"Msamehe, ana mimba huyo," mtu mmoja akasema nyuma. "Mimba za uzeeni hazina adabu."

Basi zima likacheka. Theodora ana miaka hamsini na moja.

Mughwai alikuwa na la kusema. Lilikuwa neno moja tu, saratani, lingewanyamazisha wote. Lakini wiki ya kwanza alilitamka kwenye basi hilo hilo, na mama aliyekaa nao akahamisha mtoto wake siti ya nyuma, kana kwamba linaambukiza. Akaona afadhali mimba. Akatazama nje, kwenye mashamba ya zabibu, akamwacha mkewe achekwe.

Theodora akavua kanga ya mabegani, akapiga magoti kwenye njia, akafuta. Gari lilipopiga breki alishika mguu wa siti. Hakuna aliyemwambia aache.

Waliposhuka Manyoni, konda akamvuta Mughwai kando. "Mzee, tusikosane. Kesho mkija, lipeni siti tatu. Nani atakaa pembeni yake? Na mimi jioni nadaiwa hesabu."

Walitembea mpaka nyumbani. Mlangoni Theodora akageuka.

"Kesho siendi."

"Mama Witness, zimebaki kumi na nne tu."

"Kwako wewe ni kumi na nne tu. Wewe unakaa kwenye benchi." Kisha akasema kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, ili Rahel asijifanye hakusikia vizuri, kwamba yeye si mzigo wa kulipiwa siti ya jirani, na kama ni kufa, kuna watu wanakufa bila kutapikia viatu vya watu.

Jumanne hakwenda. Jumatano hakwenda. Mughwai alimbembeleza, akamkaripia, akampigia simu binti yao Witness aliyeko Singida mjini aongee na mama yake. Theodora akapokea, akauliza hali ya wajukuu, akakata.

Jumatano hiyo hiyo, saa tano asubuhi, simu ya Mughwai ikaita.

"Shikamoo baba. Nesi Jenipher hapa. Mama yuko wapi? Siku ya pili leo nafasi yake iko wazi."

"Marahaba. Amegoma, mwanangu. Anatapika mno."

"Anatapika mno? Vidonge vimekwisha?"

"Vipo," Mughwai akasema, na hata yeye alijisikia sauti imejaa fahari. "Vipo vya kutosha kabisa."

"Baba, mlete kesho. Njoo na vidonge vyote."

Theodora hakukubali. Ni Rahel aliyempata, tena bila kumbembeleza. "Wifi, ukitaka kuacha, acha. Lakini nenda ukawaambie mwenyewe kwamba umeacha. Usitoroke kama mtu aliyeiba kitanda chao." Hilo likamgusa. Alhamisi akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kuaga. Walilipa siti tatu.

*

Kwanza walimpima uzito. Alianza na kilo sitini na mbili. Mshale ukasimama hamsini na sita.

Kisha Nesi Jenipher akawaketisha kwenye chumba kidogo, akanyoosha mkono. Mughwai akafungua koti. Alivitoa kwa utaratibu, akavipanga mezani kama mtu anayemwonyesha bwana shamba mahindi ya mbegu: pakiti mbili hazijaguswa, ya tatu ina vidonge sita. Mwisho akatoa karatasi ndogo ya gazeti iliyokunjwa mara nne.

"Nimevitunza," akasema.

Nesi akaikunjua ile karatasi. "Na hiki?"

"Hicho alikitapika. Kilikuwa kizima, nikakiosha."

"Alikianika dirishani, mwanangu," Theodora akadakia. "Kama mboga." Na pale pale, mtu aliyekuja kuaga, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika mshono wa tumbo, machozi yanamtoka. Mughwai naye akatabasamu kidogo. Nesi hakucheka.

"Baba, nilikwambiaje siku ile?"

"Ulisema ni vya siku mbaya."

"Vitano, baba. Vitano ndivyo vya siku mbaya. Hivi vingine vyote ni vya kuizuia isije. Kimoja, saa moja kabla. Akishaanza kutapika, kidonge hakina pa kukaa, ndiyo maana ulikiona kwenye beseni." Akavisogeza vile vidonge mbele yake, pakiti moja baada ya nyingine. "Ishirini na sita. Siku kumi na moja ameingia kwenye mashine mikono mitupu, na dawa iko kwenye koti lako. Ulikuwa unamwekea nani?"

Mughwai akatazama vile vidonge. Kitu alichokiona ni kihenge cha baba yake. Mzee alikufa mwaka wa ukame, amekonda kama fito, na siku ya tatu baada ya mazishi walivunja tope la kihenge cha mwisho alichokuwa amekataza kisiguswe. Mahindi yalikuwa yamekwisha. Dumuzi, wale wadudu wa nafaka, walishayasaga yote, yakabaki vumbi tu, na vumbi lile liliwaingia puani wote waliosimama karibu. Mughwai alikuwa mmoja wao. Miaka yote hiyo alisema baba yake alikuwa mtu mwenye akiba.

Akalifunga koti, kifungo kwa kifungo.

Theodora alikuwa ameacha kucheka. "Saa moja kabla?" akamwuliza nesi.

"Ndiyo, mama."

"Kila siku? Tangu ile ya kwanza?"

"Tangu ile ya kwanza."

Theodora akageuka, akamtazama mumewe usoni, kwa utulivu, kama unavyomtazama mtu umkumbuke baadaye. Mughwai alingoja matusi. Angeyapokea kama maji. Hayakuja. Theodora akageukia meza, akanyoosha kiganja kwa nesi.

"Nipe kimoja."

Akakimeza. Vingine akavifunga kwenye ncha ya kanga na kuitia kifuani. Kile cha gazeti akamwachia Mughwai. Wakangoja saa nzima kwenye benchi la nje, yeye mwanzo wa benchi, mumewe mwisho, na Nesi Jenipher akipita akiwaelekeza mengine: ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku, si sahani moja ya kumaliza kazi. Chakula kipoe, kisiwe na mafuta, kisiwe na harufu. Maji anywe kwa kufyonza, si kugugumia. Akitapika, apumzishe tumbo kwanza, kisha maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko.

"Na kuku?" Mughwai akauliza.

"Wa mafuta?"

"Anaelea."

"Achana naye, baba."

Saa ilipofika, Theodora akainuka mwenyewe, akaingia. Ikawa siku ya kumi na mbili.

*

Kumwambia Rahel ilikuwa kazi nyingine. Mughwai alizunguka jiko mara tatu kabla ya kuanza.

"Dada, maandazi yako yanamuumiza mgonjwa."

"Maandazi yangu? Hajawahi kula hata moja!"

"Harufu ya mafuta. Ndiyo inayomwanzishia asubuhi."

"Mbona hajasema?"

"Akuambie wewe? Humu ndani?"

Rahel akatazama mlango wa chumba cha wageni. Alishawahi kuwa wifi mgeni katika nyumba ya watu, akaelewa.

"Na kuku pia," Mughwai akamalizia upesi.

"Na kuku!" Rahel akakaa kwenye kigoda chake. Akafikiri, macho yakaenda uani. "Kuku tisa, Mughwai. Nilikuwa najiuliza yule mbwa wa jirani ananenepea nini."

Jiko likahamia nje, nyuma ya ukuta wa choo. Mughwai alikata mabati mawili mabovu akalizungushia kukinga upepo. Lakini hapo nje moto ulitaka mtu wa kuusimamia muda wote, na Rahel hana mikono minne, asukume, akate na akaange. Basi Mughwai, mzee wa baraza la kanisa, mtu ambaye kwake hajawahi kugeuza hata ugali, akawa anakaanga maandazi kila alfajiri kabla ya basi. Siku mbili za kwanza aliyaunguza. Wapagazi wa stesheni wakampa jina.

"Rahel, leo haya ni ya kwako au ya Mzee Mkaa?"

"Kula, acha maneno. Meno yako yenyewe hayaoni rangi."

Theodora alianza kula viazi vitamu vya kuchemsha, vilivyopoa, vipande viwili. Uji mwembamba wa uwele, nusu kikombe. Kwenye basi alitafuna kipande cha tangawizi, na ilipofika saa tatu kamili alikimeza kidonge chake bila kumwuliza mtu. Kutapika hakukuisha, tusidanganyane. Siku nyingine mara mbili, nyingine mara moja, nyingine hakuna. Ijumaa walilipa tena siti tatu; Jumatatu Theodora alifika Dodoma na kurudi mkavu, konda akakaa kimya, wakalipa mbili. Siku ya kumi na tisa ilikuwa mbaya kweli, na siku hiyo alimeza na kimoja cha ziada, na kikakaa.

Na mumewe, Theodora alikuwa anaongea vizuri tu. Chumvi ikipungua alisema. Shuka likichafuka alisema. La vidonge halikutajwa.

*

Jumanne ya wiki ya sita alimaliza ya ishirini na tano. Mizani ilisoma kilo hamsini na tano. Daktari akasema warudi baada ya miezi mitatu, apigwe picha, ndipo watajua.

"Na zile siku mbili alizokosa?" Mughwai akauliza.

Daktari alikuwa anaandika. "Nisingependa zingekuwepo. Zimepita, mzee wangu. Tungoje picha."

Kesho yake asubuhi walikaa barazani kwa Rahel na mizigo yao, wakingoja basi la Singida. Mughwai alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Unahesabu nini?" Theodora akauliza.

"Ilivyotugharimu."

"Sema nisikie."

"Ng'ombe wawili. Mbuzi sita, wa nauli na dawa. Kuku tisa. Siti ya tatu, safari nne. Ekari mbili za alizeti hazikupaliliwa. Kilo zako saba." Akakunja kidole kingine. "Siku mbili za mashine."

"Endelea."

"Ndiyo hayo."

Theodora akaingiza mkono kifuani, akafungua ncha ya kanga. Pakiti moja nzima, na nyingine yenye kidonge kimoja. Akaziweka gotini kwa mumewe.

"Hesabu na hivi."

Hakuwa na haja ya kuvigusa. "Kumi na moja."

"Na siku nilizokwenda bila?"

Basi lilikuwa halijafika. Upepo ulikuwa unapiga mabati ya jiko kule nyuma. Mughwai alitazama vidonge, vyeupe, vikavu, vizuri kabisa, akarudi kwenye vidole vyake na kuanza upya, safari hii kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Ng'ombe wawili. Mbuzi sita. Kuku tisa. Siti ya tatu, safari nne. Ekari mbili. Kilo saba. Siku mbili za mashine."

Vidole vikawa vimebaki vitatu.

"Siku kumi na moja," akasema, akakunja kimoja.